Rangi ya peleti haisemi unachodhani

Kama unajiandaa kuja kusoma kaskazini mwa Italia, kuna mzigo mmoja ambao pengine hakuna aliyekutajia, na utaubeba begani majira yote ya baridi: mfuko wa kilo 15 wa peleti. Peleti ni vipande vidogo vya mbao, vya mviringo kama vijiti vya chaki vilivyokatwakatwa, unene wake kwa kawaida milimita 6. Kiwandani unga wa mbao unakaushwa, unashindiliwa kwenye matundu ya chuma, na joto la msuguano linalainisha lignini, ile gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, mpaka kila kitu kinashikana. Nyumbani unazimimina kwenye tangi la jiko, skrubu inazisukuma kidogo kidogo hadi kwenye bakuli la moto, feni inapuliza, chumba kinapata joto.

Italia inaongoza Ulaya kwa kuchoma peleti majumbani, kwa hiyo washauri hawakosekani. Muuza duka ana kanuni zake, mwenye nyumba ana zake, na video zipo kibao. Nimezisikiliza nyingi. Kanuni tatu zinarudiwa kila mahali: chagua nyeupe, chagua inayong'aa, itumbukize kwenye maji uone kama inazama. Nataka tuzipime moja moja, maana mwaka jana zilitugharimu hela na usingizi.

Tunakaa wanafunzi wanne katika nyumba ya kupanga, kwenye bonde lenye baridi kali. Mwezi wa kumi tulinunua mifuko 70 kwa mpigo kutoka kwa muuzaji mmoja aliyekuwa na bei nzuri. Peleti zilikuwa nyeupe kama unga wa sembe. Jamaa akachota chache, akazitia kwenye glasi ya maji, zikazama mara moja. "Mnaona?" Tukaona. Tukalipa. Kufika Januari jiko likawa linajizima saa tisa usiku na kupiga kengele. Asubuhi tukifungua tunakuta kwenye bakuli la moto bonge gumu la kijivu, kama chupa iliyoyeyuka ikagandia pale, limeziba matundu ya hewa.

Tuanze na rangi, kwani ndiyo inayopendwa zaidi. Ushauri huu una chembe ya ukweli. Magome ya mti yana majivu mengi kuliko mbao ya ndani, na magome ni meusi. Kwa hiyo peleti nyeusi huenda ikawa na magome mengi. Lakini huo ni mmoja tu kati ya visababishi vya rangi. Aina ya mti inaibadilisha. Joto la kukaushia unga linaibadilisha pia. Peleti za faggio, mti mgumu unaoota sana huku, hutoka na rangi ya kahawia hata kama hakuna gome hata moja ndani yake, na zinawaka vizuri tu. Upande wa pili, mchanga hauna rangi ya kukutahadharisha. Gogo likiburutwa ardhini, au unga ukizolewa kwenye sakafu chafu, silika inaingia ndani ya peleti na weupe unabaki palepale. Silika ikikutana na potasiamu ya mti kwenye moto mkali, majivu yanayeyuka badala ya kubaki vumbi, na yakipoa yanakuwa lile bonge letu. Hapo ndipo kanuni ya rangi inapoanguka kifudifudi: mbaya wetu alikuwa mweupe pe.

Mng'aro nao unatokana na ule msuguano wa tundu la chuma. Unadokeza kwamba peleti ilishindiliwa sawasawa. Kuhusu majivu haukwambii neno.

Sasa glasi ya maji. Mchezo huu unavutia kwa sababu unafanana na jaribio la maabara. Lakini fikiria: peleti iliyoshindiliwa kawaida ina uzito zaidi ya maji kwa ujazo uleule. Karibu zote zinazama! Inayoelea ni mbovu kweli, sawa, ila inayozama imepita mtihani ambao karibu kila mtu anafaulu. Kuna wanaosubiri waone inachukua muda gani kumumunyuka, wakidhani inayorudi kuwa unga haraka ni dhaifu. Peleti ya mbao tupu ikilowa lazima ivimbe na kuvunjika, kwa kuwa ule ushikamano wake haustahimili maji. Ndiyo maana mifuko haiachwi kwenye mvua. Mtihani huo unapima kitu ambacho jiko lako halitakifanya kamwe.

Ukitoka kwenye glasi unakutana na namba zilizoandikwa kwenye mfuko, na hapa nina ugomvi mkubwa zaidi, kwa sababu namba inaheshimika kuliko rangi. Nimeona mifuko inayojisifu kuwa na kilowati-saa 5.3 kwa kilo. Tufanye hesabu. Mbao kavu kabisa, isiyo na unyevu hata chembe, inatoa kama kilowati-saa 5.2 kwa kilo ukiondoa joto linalopotea na mvuke. Peleti yenye unyevu wa asilimia 10 inatoa kama 4.6, na yenye asilimia 6 inatoa kama 4.9. Kwa hiyo anayeandika 5.3 amepima peleti iliyokaushwa tanurini, au amehesabu hata joto linalotoka na mvuke kupitia bomba la moshi, joto ambalo wewe hutaliona. Huenda hasemi uongo, lakini hakuuzii kitu alichokipima. Na tazama tofauti yenyewe: kati ya unyevu wa 10 na wa 6 unapata nyongeza ya asilimia kama 5 tu. Mtu akikwambia peleti zake zinapasha joto mara mbili ya za jirani, mwache aendelee na jirani.

Basi tutazame wapi? Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 17225-2, na juu yake kuna cheti cha ENplus kinachotumika sana Ulaya. Daraja la juu, A1, linataka unyevu usizidi asilimia 10, majivu yasizidi asilimia 0.7, na majivu hayo yasianze kubadilika umbo chini ya nyuzi 1,200. A2 inaruhusu majivu hadi 1.2, na B hadi 2. Uimara nao unapimwa: gramu 500 za peleti zinawekwa kwenye sanduku linalozungushwa mara 500 kwa dakika 10, kisha zinachekechwa, na kwa ENplus A1 angalau asilimia 98 lazima ibaki nzima. Huo ndio mtihani unaofanana na maisha ya peleti, yaani kutupwa kwenye lori, kushushwa, kumiminwa, kusagwa na skrubu. Ukilinganisha na glasi ya maji unacheka.

Hata hivyo lebo nayo isiabudiwe. Kwanza, A1 ni dari. Peleti yenye majivu ya asilimia 0.3 na yenye 0.69 zinavaa nembo ileile, na mnunuzi hana njia ya kuzitofautisha, wakati ya pili itamfanya amwage majivu zaidi ya mara mbili. Kwa mifuko yetu 70, yaani kilo 1,050, hiyo ni kilo 3 hivi za majivu dhidi ya 7. Ningependa mzalishaji alazimishwe kuandika kiasi kilichopimwa, siyo daraja tu. Pili, ungaunga kwenye mifuko midogo hauruhusiwi kuzidi asilimia 0.5, lakini kipimo hicho ni cha wakati wa kufungasha kiwandani. Baada ya hapo mfuko unarushwa na mikono mingapi? Tatu, nembo inachapishika na yeyote. Iliyo halali huwa na alama ya utambulisho, herufi za nchi na tarakimu, ambayo unaweza kuitafuta kwenye orodha ya ENplus wenyewe. Mifuko yetu ilikuwa na nembo iliyochapwa vizuri sana. Namba haikuwepo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitafuta siku ile, na wawili kati yetu wanasoma kemia.

Kama unataka kupima mwenyewe, pima kile kinacholisumbua jiko. Nunua mfuko mmoja kabla ya 70. Uchekeche wote kwa chekeche lenye matundu ya milimita 3 hivi, taratibu, bila kuzisaga, kisha uupime unga uliodondoka kwenye mizani ya jikoni. Asilimia 0.5 ya kilo 15 ni gramu 75. Ukipata 80 au 90 baada ya safari ya lori, usigombane na mtu. Sisi tulipata gramu 340. Halafu choma mfuko huo kwenye jiko lililosafishwa na uangalie bakuli: majivu yakiwa laini, yanayopeperuka ukiyapuliza, uko salama, ukikuta vibonge, acha. Uzito wa majivu unaweza kuupima pia, ila jua mengine yameruka na moshi na mengine yamechanganyika na mkaa usioungua, kwa hiyo utapata makadirio tu.

Jambo moja halihusu ubora, lakini siwezi kuliruka. Mwenzetu mmoja alitaka mifuko yote tuirundike chumbani kwake kwa sababu stoo ina unyevu. Peleti, hasa mpya za msonobari, hutoa kaboni monoksidi hata bila kuwashwa, mafuta yaliyomo ndani ya mbao yanapokutana na hewa. Katika maghala yaliyofungwa ya peleti za kumwaga, watu wameingia na hawakutoka. Mifuko 70 si ghala, sawa, ila chumba cha kulala chenye madirisha yaliyofungwa kwa baridi si mahali pake. Tuliipanga barazani, juu ya mbao, chini ya turubai.

Mwaka huu tumenunua za kahawia, zina namba, na chekeche limedondosha gramu 60. Mwenye nyumba alipoziona alitikisa kichwa akasema tumepigwa. Tuko katikati ya Februari na jiko halijapiga kengele hata mara moja.