Namba Moja, Mitaa Mitatu

Tangu serikali ya Kenya ilipoanza kuachilia anga kwa wafanyabiashara katika miaka ya 1990, mawimbi ya FM ya Nairobi yamegombewa kama viwanja vya mjini, hata vituo vya kijamii vilipokuja kubisha hodi nafasi ilikuwa imekwisha kugawanywa. Koch FM ya Korogocho ilianza mwaka 2006, Pamoja FM ya Kibera ikafuata mwaka 2007, na Kawangware nayo ikapata kituo cha Mtaani. Na zote tatu zikapangiwa namba moja, 99.9. Asiyejua ufundi wa mambo haya atadhani huo ulikuwa ubahili, na yamkini ubahili ulikuwamo. Walakini mpango huo, pasipo mtu kuukusudia, ukawa mojawapo ya njia bora zilizopata kuwako Nairobi za kumfikishia mtu muziki asiopata kuusikia.

Ufundi wenyewe ni huu. Wimbi la megahetsi 99.9 lina urefu wa takriban mita 3, nalo hupenda kusafiri kwa mstari ulionyooka kutoka mnarani hadi kwenye chombo cha kupokelea, likififia kwa umbali na kuzuiwa na vilima na majengo. Kwa hiyo mtambo ukipewa nguvu kidogo na antena isipoinuliwa sana, sauti yake huujaza mtaa na kuishia ukingoni. Fauka ya hayo, FM, ambayo Mmarekani Edwin Armstrong aliipatia hataza mwaka 1933, ina tabia moja ya ajabu: mawimbi mawili ya namba moja yakifika pamoja, redio haichanganyi sauti zake kama ifanyavyo ile ya AM, bali hulishika lenye nguvu zaidi na kulinyamazisha la pili, mradi tofauti baina yao iwe ya kutosha. Kwa hiyo Pamoja na Koch, zilizotengwa na zaidi ya kilomita 10 za mji, hazikuwa na haja ya kugombana. Kibera na Kawangware zimekaribiana zaidi, na kati yao mpaka hupita hewani, mahali ambapo hakuna wimbi linalolizidi jingine kwa dhahiri. Hapo mtu anayetembea na redio mkononi atasikia sauti ya Kibera, kisha mchakacho, kisha maneno mawili matatu ya Kawangware, kisha Kibera tena, na kona ya paa la bati yatosha kugeuza hukumu.

Ufinyu huo ndio uliozaa natija. Kituo kisichosikika nje ya mtaa wake, ambacho sheria nayo imekibana kisitangaze ila biashara zihusuzo eneo lake, hakina fedha za kumwalika mwimbaji mashuhuri, ilhali saa za kujazwa ni zile zile walizo nazo matajiri. Basi hujazwa na kijana aliyekuja kwa miguu, wimbo wake umo katika flashi mfukoni, aliourekodi chumbani kwa rafiki. Mtangazaji, ambaye mara nyingi ni mtu wa kujitolea, anamfahamu, na wasikilizaji wanamfahamu mama yake. Wimbo ukiwa mbaya, mtangazaji ataambiwa hivyo jioni hiyo hiyo penye kibanda cha chapati, na sijui mizani nyingine ya muziki iliyo ya haraka na ya haki kuliko hiyo.

Programu za simu zinazotuchagulia nyimbo leo hufanya kazi kinyume cha hayo. Hutazama zaidi wamesikiliza nini watu wanaofanana nawe, kisha hukuletea kilichobaki. Na wimbo usiopata msikilizaji hauna kumbukumbu ya kulinganishwa nayo, kwa hiyo mlango wake ni mwembamba mno. Redio ya mtaa iliweza kuanza na wimbo ambao hapana aliyeusikia isipokuwa aliyeuimba.

Lakini ukuta uliomhifadhi chipukizi ulimfunga pia. Mshairi wa Kawangware hakuweza kusikika Kibera kwa redio, kwa kuwa namba ile ile iliyompa sauti kwao ilikuwa imekaliwa na wengine kule. Akalazimika kutegemea magari ya abiria, yaani matatu. Octopizzo, rapa wa Kibera, amelitoa jina lake katika namba 8 ya magari ya huko, na hilo si pambo tu, maana gari lenye spika kubwa ndilo lililoweza kuutoa wimbo nje ya mtaa. Ila njia ya 8 na ile ya 46 ya Kawangware zote hukimbilia katikati ya jiji, wala hazielekeani. Basi wimbo wa Kawangware uliotaka kufika Kibera, mwendo wa kilomita chache tu, ulipaswa kwanza kupanda 46 hadi mjini, umpendeze dereva au utingo wa gari jingine, ndipo urudi na namba 8, ukiwa umekwisha kupita masikio ya watu wa Nairobi nzima.