Kutofungamana si Kutoegemea: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Sera ya Nje

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matumizi ya istilahi "kutofungamana na upande wowote" katika mijadala ya Kiswahili kuhusu sera ya nje. Kwa kuchunguza umbo la kitenzi, historia ya Tanzania na kura ya Umoja wa Mataifa ya Machi 2022, yanadai kwamba istilahi hiyo imechanganywa na dhana ya kutoegemea upande, na kwamba mchanganyiko huo unaiondolea serikali wajibu wa kutoa sababu.

1. Utangulizi

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga na 35 zilijizuia kupiga kura. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono; Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Msimamo wa kundi hili la pili huelezwa kwa kurejelea sera ya kutofungamana. Maelezo hayo yana kasoro: Kenya, kama ilivyo Tanzania, ni mwanachama wa Umoja wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote. Istilahi moja, peke yake, haiwezi kueleza kura mbili zinazotofautiana.

2. Umbo na maana

Kitenzi -fungamana kina mzizi -fung-, ambao hufuatwa na -am- ya hali yenye kudumu na -an- ya kutendana. Ni muundo uleule wa -shikamana. Kinachotajwa ni hali ya pande mbili kukaa zimefungana, wala si tendo la mara moja la kuchagua. Kwa hiyo kiambishi -to- hapa kinakanusha kifungo, hakikanushi uamuzi. Kitenzi -egemea ni tofauti. Kauli yake ya kutendea huelekeza uzito mahali fulani, hata kama mwegemeaji hajafungwa popote. Nchi inaweza kuegemea hoja fulani leo bila kufungamana na mwenye hoja.

Inawezekana kupinga kwamba kijalizo "upande wowote" kinafuta tofauti hiyo, kwa kuwa -o -ote haibakizi upande. Pingamizi hili lina uzito, na ndilo linaloeleza chanzo cha mkanganyiko. Istilahi ilipoenea, "upande" ulikuwa na kirejelewa mahususi: kambi mbili za kijeshi za Vita Baridi. Kambi hizo zilipoondoka, kirejelewa kilipotea na neno likabaki na maana yake ya jumla, yaani upande wa mgogoro wowote ule. Umbo la istilahi halikubadilika. Kilichobadilika ni kile inachokikataza.

3. Ushahidi wa kihistoria

Mwenendo wa Tanzania chini ya Julius Nyerere unathibitisha maana ya awali. Baada ya Ian Smith kutangaza uhuru wa Rhodesia wa upande mmoja Novemba 1965, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi uliofuata, na mkopo wa paundi milioni 7.5 ukazuiwa. Aprili 1968 iliitambua Biafra, ilhali Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitetea umoja wa Nigeria. Miaka miwili baadaye, Aprili 1970, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa maandalizi wa nchi zisizofungamana. Kama istilahi ingemaanisha kutoegemea, matendo hayo yangekuwa ukiukaji wa sera. Hayakuchukuliwa hivyo, kwa sababu uhuru wa kutofungwa ulihesabiwa kuwa ndio unaowezesha kuchukua msimamo, hata kwa gharama.

4. Lugha ya kura

Mkanganyiko huu huongezwa na usemi "hazikupiga kura". Siku ile nchi 12 kati ya 193 hazikushiriki kabisa katika upigaji kura, zikiwemo Ethiopia na Morocco. Usemi huo unaziunganisha na zile 35, na kufanya nchi 47 zionekane zimefanya jambo moja. Lakini kujizuia ni tendo: mjumbe yupo na msimamo wake huandikwa. "Zilijizuia kupiga kura" huhifadhi utendaji huo kwa kirejeshi -ji-. "Hazikupiga kura" huufuta.

5. Hitimisho

Suala hili linavuka mipaka ya usanifishaji wa istilahi. Kutofungamana kukisomwa kama kutoegemea, kujizuia hugeuka utekelezaji wa sera unaojieleza wenyewe, na raia anayeuliza sababu hujibiwa kwa jina la sera. Kikisomwa kwa maana inayobebwa na umbo lake na kuthibitishwa na historia, kila kura, iwe ya ndiyo, hapana au ya kujizuia, hudai hoja yake. Kamusi na wafasiri wanapaswa kutenga vidahizo vitatu: kutofungamana, kutoegemea upande na kujizuia kupiga kura. Utengano huo hautaamua kura ipi ilikuwa sahihi mwaka 2022. Utawezesha swali hilo kuulizwa kwa Kiswahili bila jibu kufichwa ndani ya istilahi.