Kutambua Ubora wa Vifaa vya Kupimia Redio Vilivyoundwa Nyumbani

Redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya redio yanayofanywa kwa kujifunza na si kwa biashara, huendeshwa nchini kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na 5H ni mwanzo unaojulikana wa utambulisho wa vituo vya Tanzania. Kwa mpenzi wa fani hii aliyeko Umwe, Rufiji, mbali na maabara, vifaa vya kupimia vinaweza kuundwa kwa rezista na makopo. Hata hivyo, ubora wake haumo katika umaridadi bali katika ukweli wa vipimo vyake, na ukweli huo sharti uweze kuhakikiwa kwa njia ya pili.

Kifaa cha kwanza ni mzigo bandia, ambao hupokea nguvu ya redio badala ya antena na kuigeuza joto. Rezista 20 za omu 1000, kila moja ya wati 2, zikiunganishwa sambamba hutoa omu 50 na kuhimili takriban wati 40. Multimita ikisoma 50 haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu rezista ya waya uliozungushwa husoma hivyo hivyo ilhali hubadilika sana masafa yanapopanda. Kwa hiyo mkaguzi hutafuta rezista za kaboni zenye miguu mifupi, kisha huhakikisha kuwa usomaji wa SWR (uwiano wa mawimbi simama) unabaki karibu na 1 kwenye megahezi 3.5 na 28 pia.

Cha pili, kinachohitaji umakini zaidi, ni kipunguza mawimbi. Rezista ya omu 68 katikati, na mbili za omu 100 kuelekea ardhi ya saketi, moja kila upande, hupunguza takriban desibeli 10, yaani huruhusu sehemu moja tu kati ya kumi ya nguvu kupita. Ncha moja ikifungwa kwa omu 50, multimita kwenye ncha ya pili isome karibu 50. Hatua kadhaa zikiunganishwa, kila moja itengwe kwa ukuta wa bati la kopo la maziwa ya unga, ambalo hushika lehemu vizuri. Mawimbi yasipopungua hatua inapoongezwa, ni dhahiri kwamba yanavuja nje ya njia yake.

Cha tatu ni kipima kilele cha volti, ambacho dayodi yake ya jerimani 1N34A hupoteza takriban volti 0.3, wakati ya silikoni hupoteza karibu 0.6. Wati 5 kwenye omu 50 zina kilele cha volti 22.4, hivyo kifaa kizuri husoma takriban 22. Chini ya volti moja, usomaji wake usiaminiwe bila jedwali la masahihisho.

Katika delta ya Rufiji, ambako hewa ya chumvi na unyevu hula viungo, lehemu isafishwe, kisanduku kizibwe, na vipimo virudiwe baada ya masika. Kifaa kinachostahili kuaminiwa huandikwa juu yake kikomo cha wati, masafa ambayo kilijaribiwa kwayo na tarehe ya kipimo cha mwisho, kwa kuwa anayekitumia anahitaji kujua mipaka yake kabla ya kuamini namba inayotolewa.