Hewa Baridi Ambayo Pikapu Yako Inayo Tayari

Fungua boneti ya Ford F-150 ya miaka ya karibuni, au Toyota Hilux ya dizeli ya kuanzia 2015, na kabla ya kutazama injini tafuta eakilina, ile boksi nyeusi ya plastiki yenye chujio la hewa ndani. Fuata bomba lake kuelekea nje. Halikomei juu ya injini. Linapita pembeni na kutokea karibu na grili, au linazama ndani ya madigadi, mahali ambapo hewa haijapashwa na injini. Hilo ndilo bomba la hewa baridi. Kiwanda kimeshakufungia, na umelilipia uliponunua gari.

Naanzia hapo kwa sababu Marekani, ambako pikapu ni gari la kazi na la familia kwa wakati mmoja, watu wanalipa kati ya dola 300 na 500 kununua bomba jingine la kufanya kazi ileile. Tangazo linaahidi nguvu zaidi, mafuta kidogo na mlio mzito. Katika ahadi hizo tatu, ya mwisho ndiyo ya uhakika.

Zamani ahadi ya nguvu ilikuwa na msingi. Enzi za kabureta, chujio lilikaa juu ya injini kama sinia lililofunikwa, likivuta hewa iliyokwisha kuchemka chini ya boneti. Ford ilipotoboa boneti ya Mustang mwaka 1969 ili kabureta ivute hewa ya nje, ilikuwa inatibu ugonjwa uliokuwepo kweli. Magari yanayopuliza mafuta kwa sindano yalipokuja, wahandisi walilihamisha bomba wenyewe, na dawa ikabaki sokoni wakati ugonjwa umekwisha.

Nguvu ya injini ya petroli inategemea uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda. Joto la hewa likishuka nyuzi 3, uzito wa hewa ya ujazo uleule unapanda kwa karibu asilimia 1. Presha ikiongezeka kwa kilopaskali 1 ukiwa usawa wa bahari, unapata kama asilimia 1 nyingine. Basi kila anayetaka kujua kama gari lake linakosa hewa baridi anaweza kupima mwenyewe. Kisoma-data cha bei nafuu kinachomekwa kwenye soketi ya OBD chini ya usukani na kuunganishwa na simu. Weka kwenye kioo namba mbili: joto la hewa inayoingia na joto la nje. Ukiwa umesimama kwenye foleni, namba ya kwanza inapanda taratibu na kuiacha ya pili mbali. Barabara ikifunguka na gari likashika kasi, inashuka tena hadi pengo linabaki la nyuzi chache. Pengo hilo ndilo kila kitu. Hakuna bomba linaloweza kuleta hewa baridi zaidi kuliko ile iliyo nje ya gari, kwa hiyo pengo likiwa nyuzi 6, faida ya juu kabisa ni asilimia 2. Kwa injini ya farasi 300 ni farasi 6, na hapo tumechukulia kwamba bomba jipya halina kasoro hata moja. Anayepanda kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa gari lisilo na tabo (kifaa kinachoigandamiza hewa kabla haijaingia kwenye injini) anapoteza asilimia 17 hivi ya presha ya hewa kwa ajili ya mwinuko tu, na wengi hawalalamiki.

Upande wa presha hesabu ni hiyohiyo. Injini ya V8 ya lita 5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inameza kama lita 15,000 za hewa katika dakika hiyo, na ni kweli kwamba chujio na bomba huizuia kidogo. Fundi akichomeka kipimo cha presha kati ya chujio na injini, ukakanyaga mafuta hadi mwisho, upungufu utakaosomeka ndio mwisho wa faida unayoweza kuipata. Ukiwa kilopaskali 2, hata ukiondoa eakilina nzima hupati zaidi ya asilimia 2.

Sasa weka tabo, maana pikapu nyingi mpya zinayo. F-150 ilianza kuuzwa na EcoBoost ya lita 3.5 yenye tabo mbili katika toleo la 2011, na Hilux ya lita 2.8 ni dizeli ya tabo. Hapa hoja ya hewa baridi inazidi kudhoofika. Tabo ikiongeza presha ya hewa mara mbili, hewa iliyoingia na nyuzi 27 hutoka ikikaribia 120. Kisha inapita kwenye intakula, ambayo inapoozwa na upepo wa nje. Tuseme bomba lako jipya limepunguza nyuzi 6 mlangoni. Baada ya kugandamizwa, tofauti inakuwa kama nyuzi 8. Intakula inayoondoa robo tatu ya joto la ziada inaacha nyuzi 2 tu kufika kwenye silinda, yaani chini ya asilimia 1. Juu ya hayo, kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini ya gari la kisasa, ina kiwango cha torki ilichopangiwa. Chujio likizuia hewa kidogo, inaifanyisha tabo kazi zaidi hadi kiwango kifikiwe. Likiachia, inaipunguza. Dereva hapati tofauti kwa sababu kompyuta imeamua asiipate.

Dizeli ndiyo kabisa. Injini ya dizeli hupewa hewa nyingi kuliko inayohitaji kuunguza mafuta yake, na nguvu yake huamuliwa na kiasi cha dizeli kinachopulizwa na nozeli. Kuiongezea hewa bila kugusa mafuta hakuongezi kitu cha maana.

Kuhusu ulaji wa mafuta, jibu lilitolewa mwaka 2009 na maabara ya serikali ya Marekani ya Oak Ridge, na nalipenda jaribio lao kwa sababu liligeuza swali. Badala ya kufungua njia ya hewa, waliiziba. Magari ya sindano yaliwekewa chujio lililozibwa, na ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Kilichodorora ni kuongeza kasi. Gari la kabureta ndilo lililoonyesha tofauti kwenye mafuta. Kama chujio lililoziba halili mafuta yako, chujio lililo wazi zaidi litayaokoaje?

Kuna hatari mbili wauzaji hawazitaji. Ya kwanza ni sensa ya kupima hewa. Sensa hiyo hukadiria kiasi cha hewa kwa kasi inayoipita, ikichukulia kwamba bomba lina kipenyo kilekile cha kiwandani. Panua bomba kutoka milimita 70 hadi 80, na hewa ileile itapita polepole zaidi, karibu robo pungufu. Kontrolboksi inadhani hewa imepungua, inapunguza petroli, mchanganyiko unakuwa mwembamba, taa ya cheki injini inawaka na msimbo wa hitilafu P0171. Watengenezaji makini huacha kipenyo pale kwenye sensa kama kilivyokuwa. Uliza hilo kabla ya kutoa pesa.

Ya pili inanigusa zaidi, maana inahusu barabara zetu. Kazi kubwa ya eakilina ni kuzuia vumbi, na vumbi la barabara ya changarawe lina silika, ngumu kuliko chuma cha ringi. Chembe zinazoumiza zaidi ni zile ndogo zinazolingana na unene wa utando wa oili kati ya pistoni na silinda. Vifaa vingi vya kuongeza hewa hutumia chujio la pamba lililopakwa oili, na uwazi wake unatokana na matundu makubwa zaidi. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi si ndogo ndani ya injini: chujio linalozuia asilimia 99.5 linapitisha sehemu 5 katika 1,000, na linalozuia 98.5 linapitisha 15. Ni mara tatu, safari zote, miaka yote. Zaidi ya hapo, oili ikizidi kwenye pamba inaruka na kuganda kwenye sensa. Kuna kipimo cha kimataifa cha vichujio, ISO 5011, na muuzaji asiyeweza kuonyesha matokeo yake chini ya kipimo hicho hastahili injini inayosafiri Dodoma wakati wa kiangazi.

Ukitaka kujua hali ya gari lako leo, fungua bomba la upande wa injini, yaani baada ya chujio, upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, chujio linavuja au halikukaa sawasawa. Na mafundi wetu waache kuligonga chujio la karatasi kwenye tairi na kulipuliza kwa kompresa. Karatasi inaweza kutoboka matundu yasiyoonekana kwa macho, na chujio linarudishwa likiwa linang'aa lakini halizuii.

Bado nasikia hoja ya dayno, mashine ya kupimia nguvu ya gari: bomba lilipimwa, likaongeza farasi 15. Uliza boneti ilikuwa wazi au imefungwa, feni ilielekezwa wapi, na injini ilikuwa na joto gani katika kila kipimo. Boneti ikiwa wazi na feni ikipuliza, bomba lisilo na boksi linavuta hewa ya karakana. Barabarani litavuta hewa ya moto ya injini, na linaweza kukupunguzia nguvu kuliko lile la kiwanda.

Bomba kubwa linakuwa na maana pale injini ilipobadilishwa: tabo kubwa imefungwa, mafuta yameongezwa, kontrolboksi imepangwa upya, na kipimo cha presha kinaonyesha eakilina ya awali imezidiwa. Hapo chagua lenye boksi iliyofungwa vizuri na chujio kavu. Kwa mwenye Hilux ya kawaida anayepita kwenye vumbi kila wiki, snokeli inayochukua hewa juu ya paa, mbali na vumbi la magurudumu ya gari la mbele, ina faida ya kweli, ilimradi maungio yake yote yazibwe yasivute hewa pembeni. Na anayependa tu ule mlio, ambao kiwanda kiliunyamazisha kwa makusudi, anunue kwa ajili ya mlio, aweke chujio zuri, na asitarajie farasi.