Pia au Dadu?

Mwalimu afundishaye sura ya kumi ya Yohana hukutana na Sikukuu ya Kutabaruku, ukumbusho wa kutakaswa kwa hekalu mwaka 164 kabla ya Kristo. Katika siku 8 za sikukuu hiyo watoto wa Kiyahudi huzungusha kichezeo chenye pande nne, kiitwacho dreidel kwa Kiyidishi na sevivon kwa Kiebrania. Je, kwa Kiswahili tukiite nini?

Mfasiri mwenye haraka atasema “dadu”, kwa maana mchezo ni wa bahati. Kila upande una herufi: ikitokea Nun, mchezaji hapati kitu, Gimel, hutwaa yote pia, He, hutwaa nusu, Shin, hana budi kuongeza njugu au peremende katika fungu. Lakini tafsiri hiyo yaharibu maana. Mishna, katika sehemu iitwayo Sanhedrini, yamkataa mcheza dadu asiwe shahidi. Kichezeo hiki, kinyume chake, hutiwa mikononi mwa watoto siku ya sikukuu. Vitu ambavyo wenyewe wamevitenga, sisi tusiviunganishe kwa neno moja.

“Pia” ndilo jina lifaalo, ila nalo lahitaji maelezo. Mtoto wetu hapa chini ya Mlima Meru huichapa pia yake kwa kamba ili idumu kusimama; ikianguka, ameshindwa. Mtoto wa Kiyahudi huingoja ianguke, kwani ikilala ndipo isemapo. Umbo moja, kazi mbalimbali. Basi tuseme “pia ya herufi nne”.

Liko jambo kubwa zaidi. Huhadithiwa kwamba siku za Mfalme Antioko wanafunzi wa Torati walificha vitabu na kuzungusha pia askari walipotokea. Hadithi ni nzuri. Walakini wataalamu huonyesha kwamba pia hii yatokana na ile ya kamari ya Ulaya, ambayo kwa Wajerumani herufi zake zilikuwa vifupisho vya maneno yao: hakuna, yote, nusu, weka. Wayahudi waliziandika kwa Kiebrania, kisha wakazisoma upya: “Muujiza mkubwa ulitokea kule.” Katika Israeli, Shin hubadilishwa kuwa Pe, maana yake “hapa”.

Mwalimu akiificha asili hiyo kwa kuogopa neno kamari, atawanyima wanafunzi lililo bora: kwamba watu waweza kutwaa mchezo wa kamari na kuufanya ukumbusho. Nasi tunaohukumu michezo ya watoto wetu, tuitazame kwanza kazi yake, ndipo tuipe jina.