Anza na Ukingo: Kuchagua Meza ya Tangi la Samaki

Mji wa Kericho uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia huko hadi mashamba ya chai ya Bomet mvua hunyesha karibu kila mwezi. Ubao uliolowa asubuhi hufika jioni ungali na unyevu. Ukiuwekea tangi la samaki, ndoo na mipira inayodondoka, hautakauka kamwe. Kwa hiyo mnunuzi mjuzi hadanganyiki na uso unaong'aa. Huinama akakagua ukingo.

Plaiwudi. Tazama matabaka pale ilipokatwa. Yashikane bila mwanya, kwa maana kila mwanya ni njia ya maji. Ukiambiwa ni ile ya kuundia mashua, omba kipande cha masalio ukichemshe kwa saa kadhaa. Gundi hafifu itaachia, matabaka yachanuke.

MDF na chipubodi. Kijani ndani ya MDF huashiria kustahimili unyevu, si kulowa. Chipubodi ikishavimba hairudi hali yake hata ikikauka.

Mbao. Mikaratusi haikosekani huku, maana kampuni za chai huipanda iwe kuni za viwandani. Ni migumu, lakini ikipasuliwa mibichi hujipinda na kufanya nyufa. Kagua ncha za ubao. Saipresi hutulia zaidi, ila ni laini na hubonyea. Mvule hustahimili maji kuliko zote mbili, na bei yake yajulikana.

Jiwe. Dondosha maji juu ya granaiti, ngoja robo saa, kisha futa. Likibaki doa jeusi, jiwe linakunywa maji na linahitaji kuzibwa. Jiwe la Kisii kutoka Tabaka halinywi sana, lakini ni laini mno: msumari hulichora. Terazo ni chaguo zuri. Mwambie fundi aache mfereji mwembamba chini ya ukingo wa mbele, ili tone lianguke sakafuni badala ya kurudi kabatini.

Usisahau uzito. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54, yaani kilo 54 kabla ya kioo na kokoto. Weka pimamaji kwa urefu na kwa mapana.

Fedha zikiwa chache, chukua plaiwudi nzuri. Vanishi ikibaki, usiuongezee uso. Ipake upande wa chini, kwenye ncha na ndani ya kila tundu la skrubu.