Katika Kuisifu Elimu ya Sikio

Mtu atokaye Ngara mjini akaelekea Mugoma alfajiri, wakati ukungu haujanyanyuka mabondeni na migomba ingali ikidondosha umande, hakosi kukutana na wanawake na mabinti wakipanda kutoka chemchemini, kila mmoja na ndoo yake kichwani, imejaa pomoni, na juu ya maji limelazwa jani ili yasirukeruke. Nao hawaishiki kwa mkono, wala hawaikodolei macho njia ijapokuwa ina mawe na utelezi, bali huzungumza, hucheka, na humjibu mpitaji salamu yake kwa kugeuza macho pasipo kugeuza shingo. Nimeutumikia utabibu tangu ujana hadi mvi, nimefunua vitabu vya tashrihi vizito kwa vyepesi, na sijakuta bado maelezo ya sikio yaliyo fasaha kuliko ndoo ile.

Nasema sikio, wala sikuteleza ulimi. Aghalabu waalimu wa elimu hii huianza kwa sauti: humchorea mwanafunzi tundu la nje, kiwambo, vifupa na yote yafuatayo, na saa ya somo ikikaribia kwisha ndipo wataje kwa haraka kwamba humo ndani mna pia viungo vya mizani ya mwili, mfano wa mwenye nyumba aliyemtembeza mgeni sebuleni na vyumbani, kisha akamwashiria kwa kidole banda la kuku lililoko uani. Kwa maoni yangu mpango huo umepinduliwa, na mwenye kuufuata huimaliza elimu hii akiwa ameikariri bila kuifahamu.

Sikatai kwamba kuingia kwa mlango wa ngoma kuna raha yake, hasa katika nchi hii, ambamo hata jina la Mugoma humgonga mgeni sikioni kama ngoma, ingawa sijengi hoja juu ya majina. Burundi haiko mbali, na ngoma za kifalme za Warundi, ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziingiza pamoja na uchezaji wake katika orodha ya urithi wa wanadamu, huchongwa katika gogo la mringaringa, mti ambao wenyewe huuita umuvugangoma, yaani mti uinenao ngoma, kisha zikawambwa ngozi ya ng'ombe na kupigiliwa vigingi. Aliyemwona fundi akiivuta ngozi mbichi, akaipiga kidole, akasikiliza, akaivuta tena upande uliolegea, hana haja ya kuelezwa kwa nini utando ule wa sikioni ukaitwa kiwambo: ni ngozi yenye upana wa sentimita moja hivi, na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, nayo imewambwa kwa kadiri isiyozidi wala kupungua. Nyuma yake wamekaa mafundi watatu wa mfupa, na Kiswahili kimewapa wawili majina ya kiwanda cha mhunzi, nyundo na fuawe, na wa tatu kimemwita kikuku, kwa kuwa afanana na kile ambacho mpanda farasi hutilia mguu. Mtu wa upande wa Biharamulo, ambako Warongo walisifika kwa kuyeyusha chuma, hatashangaa kuikuta nyundo mahali popote penye kazi ya kubadili nguvu. Na kazi ya vifupa hivi ndiyo hiyo, maadamu sauti itokayo hewani ikiyaangukia maji, kama yale yaliyojaa sikio la ndani, hurudi ilikotoka isipokuwa chembe yake ndogo, basi vifupa huikusanya nguvu ya kiwambo kizima na kuitua juu ya kidirisha ambacho kwa ukubwa ni kama sehemu moja katika kumi na saba, sawa na msumari ambao kichwa chake kipana hupokea pigo na ncha yake hupenya. Kikuku chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele, na uzito wake ni kama miligramu tatu.

Walakini, ng'ambo ya kidirisha hicho ngoma na mhunzi hawana tena la kutufaa. Hapo twaingia katika mfupa ulio mgumu kupita mifupa yote ya mwili, na ndani yake mmechimbwa vijia vilivyojaa maji: upande mmoja umejiviringa kama konokono, mizunguko miwili na nusu na zaidi kidogo, upande wa pili una mifereji mitatu iliyopinda kama pete, imekaa kila mmoja mraba kwa mwenziwe, kama sakafu na kuta mbili zikutanapo katika pembe ya chumba, hata kichwa kikienda upande wowote pana mfereji mmoja walau utakaopata habari, na katikati vimo vifuko viwili ambavyo juu ya utando wao zimetandazwa fuwele ndogo za jamii ile ile ya matumbawe, ambayo watu wa pwani huyachoma wapate chokaa. Na humo mote, katika konokono, katika mifereji na katika vifuko, mfanyakazi ni wa namna moja: chembe hai yenye kishungi cha vinywele, ambavyo vikiinama huku chembe hupeleka habari kwa wingi, na vikiinama kule hunyamaza. Maji yakitikiswa na sauti, kuinama huko twakuita kusikia. Yakisukumwa na mwendo wa kichwa, twakuita mizani. Samaki wa Mto Ruvubu ana vijiwe vyake vya mizani, lakini huyo konokono wa sikioni hana. Mizani ndiyo kaka mkubwa, na usikivu ni mdogo wake aliyerithi zana za nyumba na kuzinoa.

Jambo hili sikulipata kitabuni. Nilikuwa kijana mwanagenzi katika zahanati moja ya milimani, asubuhi ya baridi kali, akaja mzee mmoja mkulima, kofia mkononi, akalalamika kwamba sikio lake la kulia limeziba tangu mavuno ya maharage. Nikamtazama kwa taa, nikaona nta nyeusi imejaza tundu zima. Nikafurahi, maana kazi hiyo naijua. Nikamkalisha, akakiegemeza kichwa nyuma, nikamfunga kitambaa begani, nikamshikisha beseni, nikateka maji mtungini kama yalivyo, nikayatia katika bomba na kuyasukuma. Nta ilitoka kwa mara ya pili, kipande kizima kama mbegu ya mnyonyo. Lakini mzee hakukitazama kipande changu. Aliliangusha beseni, akaing'ang'ania meza kwa mikono miwili, na macho yake yakaanza kutambaa taratibu upande wa sikio lile nililotia maji, kisha yakarudi kwa mshtuko upande wa pili, yakatambaa tena, yakashtuka tena.

“Mwanangu,” akasema, amekaza meno, “nyumba inakwenda. Hayo uliyonitia ni maji au rubisi?”

Nikamwomba radhi, nami sijui naomba radhi ya nini. Mwalimu wangu akaingia, akamshika mzee mabega, akamwambia, “Subiri kidogo, baba, itasimama yenyewe,” naye akasubiri, ikasimama. Baadaye akaniambia nitie mkono mtungini. Yalikuwa maji ya barafu kwa hakika, ilhali damu ya binadamu ina joto la digrii 37. Nami niliyasukuma hatua chache tu kutoka kwenye mfereji mmoja katika ile mitatu, majimaji ya ndani yakapoa upande mmoja, yakawa mazito, yakashuka, na chembe za vinywele, zisizo na njia ya kujua kama yaliyoshuka yamesukumwa na mwendo au na baridi, zikapeleka habari kwamba kichwa kinazunguka. Macho yakatii.

Kosa langu hilo, nilikuja kujua, lilikwisha kumpatia mtu mwingine fahari ya dunia. Tabibu Robert Bárány wa Vienna alikuwa akiwaosha wagonjwa masikio kwa maji baridi, wakapata kizunguzungu kama mzee wangu, naye badala ya kuomba radhi peke yake akauliza sababu, akajaribu na maji ya moto, akaona macho yakienda kinyume chake. Akapewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari ilimfikia akiwa mateka wa vita mikononi mwa Warusi. Tofauti baina yetu si maji.

Tangu siku ile nikawa naitazama ndoo kwa jicho jingine. Binti anaposhuka bondeni, kila hatua hukitikisa kichwa chake, na kama macho yangekifuata kichwa, njia yote ingemchezea kama picha mikononi mwa mtu atetemekaye. Lakini mifereji huyapa macho amri ya kwenda kinyume cha kichwa katika muda wa kama sehemu moja ya mia ya sekunde, upesi kuliko fikira yoyote, na mawe ya njia yakatulia. Vifuko navyo humwambia wima ni upi. Yeye hana habari ya hayo, naye hajakosea.

Na mali yote hii imewekwa juu ya watumishi wachache mno. Jicho lina chembe za kupokea nuru zaidi ya milioni mia. Konokono wa sikio moja ana safu ya ndani yenye chembe kama 3,500, ambazo ndizo zipelekazo habari, na za nje kama 12,000 za kuikuza sauti, basi. Ikifa moja, haizaliwi nyingine. Kishindo huziua, na baadhi ya dawa zetu wenyewe huzidhuru: nani katika nchi hii ya homa ya malaria asiyekumbuka kwinini, na siku zile masikio yalipovuma kama mzinga wa nyuki, mtu akaitwa jina lake asiitike? Uvumi ule kwa kawaida hupita dawa ikisimamishwa, lakini sindano za streptomaisini za kifua kikuu zaweza kuacha uziwi, ama kuharibu mizani, pasipo marejeo. Jogoo wa uani, ambaye twamdhania mjinga, chembe zake zikifa huota upya. Mwenye jogoo hana bahati hiyo. Mwaka 1962 tabibu Samuel Rosen na wenziwe walitoa habari za Wamabaan wa Sudan, waliokaa mbali na makelele, ya kwamba wazee wao walisikia kwa ukali usioonekana kwa wazee wenzao wa miji ya Marekani. Sina budi kuliwaza hilo kila nisikiapo spika za harusi za siku hizi.

Kuna na raha nyingine katika elimu hii, ambayo kwangu yashinda zote, nayo ni kwamba humpa tabibu maskini wa dawa kazi ya mikono. Fuwele zile za vifukoni hutoka mahali pake wakati mwingine, zikaingia mferejini, na mtu akajigeuza kitandani chumba kikamzunguka. Hakuna kidonge cha kuzirudisha, bali aijuaye ramani ya mifereji hukishika kichwa cha mgonjwa, akakilaza, akakigeuza kwa mpango, akangoja, akakigeuza tena, kama mtu atoaye kijiwe katika chupa yenye shingo iliyopinda, njia ambayo John Epley wa Marekani aliieleza mwaka 1980. Kiungo chenyewe hakionekani, kimezikwa katika mfupa. Ila mkono wakiona.

Kwa hiyo vijana wakiletwa kwangu kusoma sikio, siku ya kwanza hawakuti picha ubaoni. Huwatuma chemchemini, kila mmoja na ndoo, warudi nayo kichwani bila kuishika. Mabinti wa vijijini hufika wakavu, wakaitua, wakauliza nini tena. Wa mjini hufika maji yakiwatiririka shingoni, ndoo nusu, wakicheka kwa haya. Nami huwaambia wasijifute kwanza, wafumbe macho, wasimame kwa mguu mmoja, na wakianza kuyumba ndipo niichukue chaki niuchore mfereji wa kwanza.